Kusawazisha Hilux na Kuifunga Matairi Makubwa Zaidi: Mwongozo Kamili

Hilux ya dabo kebini isiyo na mzigo husimama pua ikiwa chini na mkia ukiwa juu. Mwinamo huo si kasoro. Walioiunda walijua kwamba itapakiwa magunia ya mahindi, mifuko ya saruji au matangi ya maji mpaka uzito ukaribie tani moja, kwa hiyo springi za nyuma ziliachwa juu ili zikibonyea chini ya mzigo gari likae sawa. Anayesawazisha, yaani anayeinua pua ilingane na mkia, anaitumia akiba hiyo. Ndiyo maana swali la kwanza si spesa (kipande cha kuinulia pua) ya unene gani inunuliwe, bali gari hili hubeba nini siku nyingi za mwaka.

Maelezo haya yanahusu Hilux Vigo, iliyoanza kutoka mwaka 2004, na Revo iliyoifuata mwaka 2015, zile zenye uwezo wa kuvuta kwa magurudumu manne. Zote zina koili mbele, shokapu ikiwa imepita katikati ya koili, na springi za mabamba nyuma. Hilux za zamani zaidi zimejengwa tofauti: baadhi zina vyuma vya msokoto mbele, ambako kimo cha gari hurekebishwa kwa bolti, na LN106 ina ekseli nzima mbele iliyokalia springi za mabamba. Mwenye gari la aina hizo asifuate hatua za kufungua shokapu zilizoelezwa hapa, ingawa sehemu ya matairi inamhusu pia.

Kupima kabla ya kununua chochote

Tafuta sakafu tambarare kweli, kwa mfano sakafu ya zege ya kituo cha mafuta au ya ghala. Jaza tangi la mafuta, rekebisha upepo wa matairi yote uwe kama ulivyoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, kisha endesha mbele na nyuma mita chache na usimame bila kukanyaga breki kwa nguvu, ili springi zitulie mahali pake.

Kipimo cha kwanza ni kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda ulio juu yake, pembe zote nne. Kipimo hiki hakibadiliki hata ukibadilisha tairi, na ndicho kitakachokuonyesha baadaye springi imeinuka kiasi gani. Ukiona upande wa dereva na wa abiria vimepishana kwa zaidi ya milimita 10, tafuta sababu kwanza, kwa kuwa koili iliyochoka au bamba lililovunjika haliponywi kwa spesa.

Watu wengi huishia hapo, wakachukua tofauti ya fenda ya mbele na ya nyuma wakaiita mwinamo wa gari. Hilo ni kosa, kwa sababu matao ya fenda hayakukatwa kwa urefu mmoja. Mwinamo halisi hupimwa kwenye chesisi au kwenye ukingo wa chini wa milango, ambao umenyooka. Weka alama mbili kwenye ukingo huo, zikiachana mita 1.5, kisha pima kutoka ardhini hadi kila alama. Tuseme alama ya nyuma iko juu kuliko ya mbele kwa milimita 20. Umbali kati ya ekseli mbili za Vigo na Revo ya dabo kebini ni milimita 3,085, zaidi kidogo ya mara mbili ya mita 1.5, kwa hiyo mwinamo kwenye magurudumu ni kama milimita 41. Hicho ndicho kiasi ambacho pua ingepaswa kuinuka ili gari tupu liwe sawa kabisa.

Sasa pakia mzigo wako wa kawaida na upime tena. Tuseme kwa kilo 500 tofauti ya alama inashuka hadi milimita 5, yaani milimita 10 kwenye magurudumu. Ukiwa umeinua pua kwa 41, gari lenye mzigo litakuwa limeinua pua kuliko mkia kwa milimita 31. Taa zitawapiga machoni wanaokuja mbele, usukani utakuwa mwepesi isivyofaa, na magurudumu ya mbele, ambayo hubeba kazi kubwa ya kufunga breki, yatakuwa yamepunguziwa uzito. Kwa gari la namna hii ningeinua milimita 25 na si zaidi: likiwa tupu mkia unabaki juu kwa takriban milimita 16, na likiwa na mzigo pua inapanda kwa takriban 15. Mwenye gari linalobeba watu na mabegi tu anaweza kwenda hadi 40. Anayebeba tani kila siku asisawazishe kabisa, afunge matairi yanayotosha nafasi iliyopo.

Spesa au koili mpya

Njia ya bei nafuu ni spesa, kipande cha chuma au alumini kinachokaa juu ya kichwa cha shokapu, kati yake na chesisi. Hapa kuna jambo ambalo limeharibu magari mengi: unene wa spesa si kiasi ambacho gari litainuka. Shokapu haikushikwa mwishoni mwa mkono wa chini wa gurudumu, imeshikwa kama katikati yake, kwa hiyo kila milimita moja ya spesa huinua gari kwa karibu milimita mbili. Spesa ya milimita 25 huinua pua kwa takriban 45 hadi 50. Ukitaka kuinua milimita 25, unahitaji spesa ya 12 au 13.

Gari langu la kwanza lilifungwa spesa za milimita 40 katika gereji moja ambako tuliamini sote kwamba litainuka milimita 40. Liliinuka karibu 80. Jointi za CV, zile za kwenye shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele, zilifanya kazi katika pembe ambayo hazikuundiwa, mipira yake ikachanika, grisi ikamwagika, na vumbi la barabara ya changarawe likamaliza kazi iliyobaki. Nilinunua shafti mbili kwa sababu ya hesabu ya kugawa kwa mbili ambayo hakuna aliyeifanya.

Spesa ya juu ina tabia nyingine mbili zinazopaswa kujulikana. Gurudumu linaponing'inia, kwa mfano likipita juu ya shimo, hushuka chini zaidi kuliko zamani, na hapo jointi ya CV pamoja na bolijointi ya juu hufika mwisho wa pembe zake. Gurudumu linapobonyezwa hadi mwisho, shokapu hulazimika kufupika kuliko ilivyokusudiwa, na inaweza kugonga ndani kabla ya mpira wa kuzuia kugusa. Kwa sababu hizi mbili sipendekezi spesa ya juu inayozidi milimita 25 ya unene, hata kama inauzwa.

Njia iliyo bora, kwa anayemudu, ni koili na shokapu mpya zilizotengenezwa kwa ajili ya kuinua milimita 30 hadi 40. Koili ndefu au ngumu zaidi huinua gari huku shokapu ikiendelea kuamua gurudumu lishuke hadi wapi, hivyo jointi zinalindwa. Kama pia kuna bampa la chuma au winchi mbele, ni lazima uchague koili kwa uzito huo, kwa kuwa koili iliyokusudiwa gari lisilo na bampa itabonyea na urefu uliolipia utapotea.

Kuchagua tairi

Hilux nyingi za daraja la juu za Vigo ya baadaye na za Revo zilikuja na tairi la 265/65R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu wa tairi hili ni 265 mara 0.65, yaani milimita 172; mbili za hizo ukijumlisha na rimu ya milimita 431.8 unapata kipenyo cha milimita 776.

Ukipanda hadi 265/70R17 kipenyo kinakuwa milimita 803, ongezeko la asilimia 3.4. Ukipanda hadi 285/70R17 kinakuwa 831, asilimia 7. Gari huinuka kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo, kwa hiyo tairi la kwanza linakupa milimita 13 za ziada chini ya difu na la pili linakupa 27. Milimita hizo zina thamani kubwa kuliko zile za spesa, maana spesa huinua bodi na chesisi lakini difu ya nyuma hubaki pale pale. Tairi peke yake ndilo linaloiinua.

Ushauri wangu kwa gari la kazi ni 265/70R17. Kwa kawaida linaingia kwenye rimu za kiwandani bila kukata kitu, upana wake ni ule ule, na injini haihisi sana tofauti. Tairi la 285/70R17 ni zito, linagusa sehemu kadhaa za tao la fenda usukani ukikatwa hadi mwisho, na linaondoa sehemu ya nguvu ya kuvuta. Mwenye injini ya lita 2.5 atalijua hilo siku atakapopanda mlima mkali wa Kitonga akiwa na mzigo, kwa kuwa gia ndefu iliyokuwa ikitosha zamani itambidi aiteremshe.

Soma pia namba ya uwezo wa kubeba ubavuni. Namba 112 maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 115 ni kilo 1,215, na tairi la kazi nzito lenye 121 hubeba 1,450. Usikubali namba ndogo kuliko ile ya tairi la kiwandani, hata kama tairi lenyewe ni kubwa kwa sura. Herufi inayofuata ni mwendo wa juu: Q ni kilomita 160 kwa saa, R 170, S 180. Tafuta pia tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT: mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni tairi lililotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa tairi la mtumba tarakimu hizi zina maana kuliko kina cha kashata zake, kwa sababu mpira hukauka na kupasuka hata ukiwa umekaa ghalani.

Nunua matano, si manne. Hilux hizi hazina difu ya katikati: ukiingiza 4H, yaani gia ya kuvuta kwa magurudumu manne, ekseli ya mbele na ya nyuma hulazimishwa kuzunguka kwa kasi moja, na tairi la akiba lenye kipenyo tofauti litazipigisha gia vita kila mzunguko. Pima nafasi ya tairi la akiba chini ya bodi kabla ya kulipa.

Ukibadilisha rimu pia, zingatia mambo matatu. Matundu sita kwenye duara la milimita 139.7 ndiyo ya Hilux. Tundu la katikati lazima lipite kwenye habu ya milimita 106. Tatu ni umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya rimu, ambao kwa rimu ya kiwandani ni milimita +30. Namba hiyo ikipungua sana gurudumu hutokeza nje, hupiga matope kwenye milango, hugusa tao linapokatwa kona, na hutwisha beringi mzigo wa ziada. Nati pia hutofautiana: rimu za alumini za kiwandani mara nyingi hutumia nati zenye washa bapa, ilhali rimu nyingi za kununua zinahitaji nati zenye kichwa cha pia. Ukizichanganya, gurudumu linaweza kulegea njiani.

Kufunga spesa

Kazi hii huchukua watu wawili karibu siku nzima kwa mara ya kwanza. Unahitaji jeki, stendi mbili imara, spana na soketi, spana ya kupimia nguvu ya kukazia, na nati mpya za juu za shokapu. Usifanye kazi chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, na usiweke mawe wala matofali mahali pa stendi.

Zuia magurudumu ya nyuma, legeza nati za magurudumu ya mbele gari likiwa bado chini, kisha inua na uweke stendi chini ya chesisi pande zote mbili. Ondoa magurudumu. Fungua linki za stabilaiza, chuma kinachozuia gari kulala upande kwenye kona, pande zote mbili, kwa kuwa ukifungua upande mmoja tu chuma hicho kitapingana nawe kazi nzima. Toa vishikizo vya waya wa ABS na mpira wa breki kwenye kitovu cha gurudumu, ili visivutike.

Fungua bolti ya chini ya shokapu. Juu kuna nati tatu zinazozunguka kichwa cha shokapu, na katikati yake kuna moja kubwa. Hizo tatu ndizo za kufungua. Ile ya katikati usiiguse kamwe: ndiyo inayoishikilia koili iliyobanwa, na ikifunguliwa koili huruka kwa nguvu inayoweza kuua. Kama umeamua kubadilisha koili badala ya kuweka spesa, shokapu ikishatoka ipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kubania koili iliyofungwa ukutani au mezani. Zile klempu mbili za mkononi zinazoazimwa mtaani sizikubali kwa koili za pikapu.

Ili kupata nafasi ya kutoa shokapu, toa pini ya kufungia ya bolijointi ya juu, legeza nati yake bila kuitoa kabisa, gonga ubavu wa kitovu kwa nyundo mpaka kikwamuke, kisha malizia nati huku mwenzako akikishika kitovu. Kisianguke nje, kwa sababu kitavuta shafti na kuichomoa jointi ya CV kutoka ndani. Kining'inize kwa waya mzito kwenye chesisi.

Weka spesa juu ya kichwa cha shokapu, bolti za spesa zikielekea chesisi, na hakikisha mkato wa chini wa shokapu unaelekea kama ulivyotoka. Rudisha shokapu, ingiza nati tatu kwa mkono, kisha inua mkono wa chini kwa jeki ndogo mpaka tundu la bolti ya chini lilingane. Funga bolijointi kwa pini mpya. Bolti ya chini ya shokapu ikazwe kiasi tu kwa sasa. Ikazwe kabisa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Bushi za mpira zilizokazwa gurudumu likiwa linaning'inia hubaki zimesokotwa kila gari linaposimama chini, na huchanika mapema.

Kabla ya kurudisha gurudumu, zungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine huku mkono wa chini ukiwa umeshuka kabisa, ukitazama mpira wa breki, waya wa ABS na mpira wa CV. Kinachovutika sasa kitakatika barabarani. Tazama pia kama mkono wa juu unagusa koili.

Wakati mwingine fundi hushauri kuinua na nyuma kidogo ili kurudisha mwinamo wa zamani. Kabla ya kukubali, angalia kama gari lako lina vali ya breki inayohisi mzigo, yenye fimbo inayounganisha chesisi na ekseli ya nyuma. Ukiinua nyuma bila kuirekebisha, vali hiyo hudhani gari ni tupu na hupunguza breki za nyuma hata kama umebeba mzigo kamili.

Kufunga matairi na kuyajaribu

Kaza nati za magurudumu kwa mpangilio wa nyota, kwanza kwa mkono, kisha kwa spana ya kupimia. Kwa Hilux kipimo cha kawaida ni Nm 105, ila kitabu cha gari lako na maelekezo ya rimu mpya ndivyo vyenye neno la mwisho. Rudia kukaza baada ya kilomita 100.

Kuinua gari hakuongezi nafasi gurudumu linapobonyezwa hadi mwisho, kwa sababu huko juu linafika pale pale lilipokuwa likifika zamani. Tairi lisilogusa likiwa limesimama linaweza kugusa vibaya kwenye makorongo. Kwa hiyo panda tofali la zege au ukingo wa barabara kwa gurudumu moja la mbele, polepole, kata usukani hadi mwisho pande zote, na umwombe mwenzako atazame kwa tochi. Sehemu za kwanza kugusa huwa plastiki ya tao upande wa nyuma, madigadi, na pembe ya chini ya bampa. Plastiki inaweza kuvutwa nyuma na kubanwa, au kulainishwa kwa hewa ya moto na kusukumwa. Tairi likigusa chuma cha bodi nyuma ya tao, umechagua tairi kubwa kuliko gari, na rahisi kuliko yote ni kurudi saizi moja.

Nenda kupima alaimenti siku hiyo hiyo. Pua ikiinuka, tairi huelekea kulalia nje kwa juu, magurudumu hubadilisha uelekeo wake, na pembe inayorudisha usukani katikati hupungua, ndiyo maana gari lililoinuliwa huanza kutangatanga barabarani. Mwombe fundi akurudishie pembe hiyo kwa bolti za kurekebishia za mkono wa chini kadiri zinavyoruhusu, na uondoke na karatasi ya vipimo vya kabla na baada.

Taa zinahitaji dakika kumi tu, na ni haki ya wanaokuja mbele yako. Kabla ya kazi, simama mita 5 kutoka ukutani na upime kimo cha taa yenyewe na kimo cha mstari wa mwanga ukutani. Kama taa iko milimita 900 na mstari uko 850, mwanga unashuka 50. Baada ya kazi taa ikiwa 938, rekebisha skrubu mpaka mstari ufike 888. Fanya hivyo gari likiwa na mzigo wa kawaida.

Spidomita sasa inahesabu mizunguko michache kwa kila kilomita. Kwa 265/70R17, mizunguko iliyokuwa ikimaanisha kilomita 50 kwa saa sasa inamaanisha 51.7, na kwa 285/70R17 inamaanisha 53.5. Linganisha na simu yenye ramani kwenye barabara iliyonyooka, uwe na hesabu hiyo kichwani kabla ya kuingia eneo la mwendo wa 50. Kilomita za safari nazo husomeka pungufu: sevisi ya kilomita 5,000 kwenye dashibodi ni karibu 5,170 kwa kweli, na mafuta yataonekana kuliwa zaidi kuliko yanavyoliwa.

Kuhusu upepo, tairi la kazi nzito huhitaji upepo mwingi kuliko la kawaida ili libebe uzito ule ule. Anza na kiasi cha kibandiko ukiongeza kidogo, chora mstari wa chaki kukata kashata zote, endesha moja kwa moja mita mia kadhaa kwenye lami, kisha tazama. Chaki ikifutika katikati tu, punguza. Ikifutika kingoni, ongeza.

Mjulishe bima yako kwa maandishi kwamba gari limeinuliwa na matairi yamebadilishwa. Baada ya kilomita 1,000 rudi chini ya gari na tochi: kagua mipira ya CV, kaza tena nati tatu za juu za shokapu, pitisha kiganja kwenye kashata za matairi ya mbele, na upime tena kutoka katikati ya gurudumu hadi fenda ukilinganisha na namba ulizoandika siku ya kwanza.